Hodi ya Wakaguzi

Kaeni vizuri. Aliye karibu na mlango aurudishie, na mtu akipiga hodi huko nje, nyamazeni. Sababu mtaijua mbele ya safari. Mimi sina ugomvi na serikali yoyote, na nchi ninayoisimulia haipo. Ingekuwepo, ningekuwa nimeshaitwa kujieleza.

Palikuwa na nchi mbili zilizotenganishwa na mto. Kila moja ilijiita Upande Huu na kuiita ya pili Upande Ule, na shuleni watoto wa kila nchi walifundishwa kwamba wale wa ng'ambo hawasafishi meno. Sisi tutakaa ng'ambo moja tu, mtaa wa Kingoni, nyumbani kwa Mama Sikitu, mjane mwenye binti mmoja, Sikitu, aliyeolewa mbali, paka mmoja, na chumba kimoja cha ziada. Hicho chumba cha ziada ndicho kilichomponza.

Zamani nchi hizo zilikuwa na mabomu makubwa. Siku za sherehe yalipitishwa barabarani juu ya malori, na wananchi waliyapungia mikono kama wanavyompungia bibi harusi. Moja tu lingetosha kumaliza nchi nzima na mifugo yake. Basi siku moja wakubwa wa pande zote mbili wakashtuka. Si kwamba waliwaonea huruma watu. Waligundua tu kwamba na wao wamo ndani ya nchi.

Wakakutana hotelini, wakakubaliana kuyaharibu mabomu makubwa yote. Lakini bomu kubwa ni lipi? Hapo ndipo wataalamu walipogombana mpaka wali ukapoa. Huyu anataka lipimwe uzito, yule anataka zipimwe nguvu zake, mwingine anang'ang'ania umbali linakofika. Mwishowe akasimama Mheshimiwa Nyampala, Waziri wa Amani na Mizinga wa Upande Huu, akafunga kifungo cha koti na kusema, "Ndugu zangu, tusijitie usomi. Bomu kubwa ni lile lisilopita mlangoni."

Wakapiga makofi, maana walikuwa na njaa. Ikawa sheria: bomu lisilopita katika mlango wa kawaida wa nyumba ni bomu, na litaharibiwa. Linalopita si bomu, ni kifaa. Kesho yake asubuhi viwanda vya pande zote mbili vikaanza kutengeneza vifaa.

*

Mheshimiwa Nyampala akaja mwenyewe Kingoni kuwaeleza wananchi. Mama Sikitu alikuwepo, amekaa mbele, kwa sababu akina mama hukalishwa mbele ili wapigwe picha.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "bomu la zamani lilikuwa na ubinafsi. Likipigwa, mnakufa wote, hata msiohusika. Hiki kifaa cha sasa kina adabu. Kinajua mipaka ya kiutawala. Hakimalizi nchi, kinamaliza kata. Serikali yenu imeshusha madaraka mpaka ngazi ya chini kabisa. Shule tumewaletea. Zahanati tumewaletea, ingawa dawa ziko njiani. Sasa tunawaletea ulinzi wa ngazi ya kata."

Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na wale wa ng'ambo wakitupiga cha kata, sisi tutawajibu na nini?"

"Cha tarafa," alisema Waziri.

"Na wao?"

"Wao watatumia cha wilaya, bila shaka."

"Halafu?"

Waziri akamwambia mzee akae, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na ngoma ya vijana ilikuwa inasubiri.

Vifaa vyenyewe havikuweza kukaa kambini. Upande Ule ulikuwa na jicho angani lililoona kila kambi, hata nguo za ndani za makoplo zilizoanikwa. Lakini jicho hilo lilikuwa halijajifunza kuona chini ya vitanda. Kwa hiyo vifaa vikagawiwa nyumba za mpakani, na ili wananchi wasivichukulie vibaya, vikapewa cheo. Kila kimoja kiliitwa Mgeni wa Taifa.

Cha Mama Sikitu kililetwa na Kapteni Magoma na askari wanne. Kapteni alikuwa mtu wa heshima. Alisimama nje, akapiga hodi.

"Karibuni," alisema Mama Sikitu, kama alivyosema maisha yake yote.

Askari wakaingia nacho wakihema. Mlangoni kikakwaruza kizingiti, na Kapteni akatokwa na jasho. "Taratibu, taratibu. Kikikwama hapa kitakuwa bomu."

Kikapita. Wakakisukuma chini ya kitanda katika kile chumba cha ziada, kilichokuwa cha Sikitu, pua yake ikielekea mtoni.

"Anakula nini mgeni huyu?" aliuliza Mama Sikitu.

"Hali, hanywi, haulizi habari za watu. Ukimlinganisha na mawifi, mama, wewe umepata nafuu."

"Ataondoka lini?"

Kapteni Magoma akamtazama kwa masikitiko ya kweli. "Mama, na uungwana wako wote, unauliza mgeni ataondoka lini?"

Mama Sikitu akaona haya. Alilelewa hivyo: mgeni haulizwi. Na serikali, ambayo haikujua idadi ya visima vya Kingoni wala idadi ya watoto wasiokwenda shule, hilo ilikuwa inalijua vizuri sana.

Ufunguo wa kuvifyatua vifaa vya mtaa ule akapewa balozi wa nyumba kumi, Mzee Shomari. Makao makuu walieleza kwamba vita vikianza ghafla hakutakuwa na muda wa kuwaamsha wakubwa, kwa hiyo uamuzi uwe karibu na wananchi. Mzee Shomari akaufunga ufunguo huo kwenye kamba moja na ufunguo wa bomba la maji. Macho yake yalikuwa yameshaanza kumchenga. Kila asubuhi akina mama wa Kingoni walisimama foleni na ndoo zao, kimya, wakimtazama anavyopapasa kuchagua ufunguo.

*

Siri ya watu wengi hivyo haikai. Dunia ikasikia kwamba mpakani kuna vifaa, ikaanza kulalamika, na pande zote mbili zikasema hazina cha kuficha. Wakarudi hotelini kutunga mkataba wa ukaguzi: wakaguzi wa Upande Ule wapite Upande Huu nyumba kwa nyumba, na wa Upande Huu wapite kule. Kifaa chochote kitakachoonwa na mkaguzi ndani ya nyumba kitatolewa siku hiyo hiyo na kuharibiwa ukingoni mwa mto, mbele ya bendera mbili.

Mkataba mzuri, au siyo? Mimi nilipousikia nilifurahi kabisa. Lakini Mheshimiwa Nyampala akaomba kuongeza kipengele kidogo cha utamaduni. "Sisi si washenzi wa kuvamia majumba ya watu," alisema. "Mkaguzi atapiga hodi. Atapiga mara tatu, kama tulivyofundwa na wazazi wetu. Asipojibiwa, ataondoka."

Wajumbe wa Upande Ule wangeweza kupinga. Badala yake walikubali haraka mno, wakakimbilia kalamu. Hapo palitakiwa mtu mmoja ashtuke, lakini wote walikuwa wakitazama saa ya chai.

Wiki hiyo hiyo redio ikatangaza kwamba kumjibu mkaguzi anapopiga hodi ni uhaini. Na kwa kuwa hodi ya mkaguzi na hodi ya jirani zinafanana, wananchi walishauriwa kutoitikia hodi yoyote, ya mtu yeyote, mpaka amani itakapoimarika. Semina zikafanyika. Kingoni walikusanywa shuleni, wakapewa soda, na mwezeshaji kutoka wizarani akasimama mbele yao.

"Nikipiga hodi, mnasema nini?"

"Karibu," waliitikia wote.

"Hapana. Tuanze upya. Hodi."

Wakafundishwa mpaka jioni. Walipotoka, walikuwa wamehitimu kunyamaza.

Mtaa ukawa mtaa wa ajabu. Washenga walisimama vibarazani na nguo zao nzuri, kisha wakarudi na posa zao. Mtu aliyekuja kutangaza msiba wa Mzee Kiwia alizunguka nyumba baada ya nyumba, hodi, hodi, hodi, na mwisho marehemu akazikwa na wajukuu wake tu, huku majirani wakilia kwa sauti ndogo nyuma ya milango. Mama Sikitu alikuwa mmoja wao. Alikaa chini kwenye sakafu, ameuegemea mlango wake mwenyewe kama mwizi, na akachukia. Aliichukia serikali, akakichukia kile kifaa, na zaidi ya vyote akajichukia mwenyewe kwa kunyamaza.

*

Sasa Sikitu akapiga simu.

"Mama, nakuja kwetu kujifungua. Mama mkwe kasema mtoto wa kwanza azaliwe kwa mama yake mtu. Tumbo limekuwa kubwa, mama, ukiniona utacheka."

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Sikitu, kabla hata ya kufikiri.

Kisha akageuka, akamwona paka. Paka yule alipenda sana chumba cha Sikitu, kwa sababu mgeni wa chini ya kitanda alikuwa na joto. Alilala juu yake kutwa. Kwanza yalimtoka manyoya ya tumboni, kisha ya mgongoni, na sasa alikuwa uchi kabisa, na alikuwa amezaa mara moja watoto ambao Mama Sikitu aliwafukia bila kuwatazama mara ya pili.

Alitaka kumwambia binti yake asije. Lakini simu zote za Kingoni siku hizo zilikuwa na mtu wa tatu ndani, na mtu huyo alikuwa na kikohozi. Akikohoa, ujue umekaribia kusema jambo. Alikuwa amekohoa tayari.

Akaenda kwa Mzee Shomari. "Balozi, nakuomba mgeni ahamishwe. Binti yangu anakuja na mimba."

"Mwanangu, sina uwezo," alisema mzee. "Mimi nimepewa ruhusa ya kukifyatua tu. Ya kukihamisha sina."

Akapanda hadi kwa Mkuu wa Wilaya, Bi Kalunde, akiwa na tumaini kwamba mwanamke mwenzake atamwelewa. Mezani kwa Bi Kalunde palikuwa na picha za watoto wake wakiwa wamevaa majoho, wanasoma nje.

"Kifaa gani?" aliuliza Bi Kalunde. "Wilaya hii haina kifaa. Tumeshatamka hivyo mbele ya dunia. Sasa mama yangu, kisichokuwepo nitakihamishaje?"

"Basi naomba nikitoe mwenyewe nje."

"Ukikitoa nje kitakuwepo. Na wewe ndiye utakayekuwa umekileta." Akamsogezea kikombe cha chai. "Kunywa. Mimba si ugonjwa."

Mama Sikitu hakunywa. Alirudi nyumbani akiwaza njia nzima, na alipofika mlangoni kwake alikuwa ameshakata shauri. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi. Watapiga hodi, naye atajibu. Wataona, na wakiona lazima kitolewe, mkataba unasema hivyo. Yeye atafungwa, pengine afie huko huko. Lakini Sikitu atakuta chumba kitupu, na mtoto atazaliwa na nywele kichwani.

Akafua shuka, akatandika kitanda cha binti yake. Akafunga kifurushi cha gerezani: khanga mbili, mswaki, kipande cha sabuni. Akakiweka nyuma ya mlango.

*

Alhamisi wakaguzi wakaja na bendera, mwavuli, na bendi ndogo ya tarumbeta. Mkaguzi Mkuu wa Upande Ule aliitwa Profesa Mlembe, mtu mpole wa miwani. Mheshimiwa Nyampala alitembea pembeni yake akimwonyesha maua. Mzee Shomari alifuata nyuma, funguo zikilia kifuani.

Walipita nyumba baada ya nyumba. Hodi tatu, kimya, na Profesa akitamka kwa sauti, "Hapa hapakujibiwa," bendi ikapiga kidogo, wakaendelea. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri sana. Wapishi walikuwa wameshaarifiwa waanze kukaanga.

Wakafika kwa Mama Sikitu.

"Hodi," alisema Profesa Mlembe.

Mama Sikitu alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Hodi."

Akashika komeo.

"Hodi hapa," alisema Profesa, na tayari mguu wake mmoja ulikuwa umeshageuka kuelekea nyumba inayofuata.

"Karibuni," alisema Mama Sikitu. Akafungua mlango wote.

Mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta. Mheshimiwa Nyampala akatazama angani kama mtu anayetafuta dalili za mvua. Profesa Mlembe akabaki ameshika fimbo ya mwavuli, midomo wazi. Alikuwa amepiga hodi miji saba, na hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Hakuwa amejifunza kinachofuata.

"Ahsante, mama," alisema hatimaye. "Hatukai. Tumepita tu kusalimia."

"Ingieni hata kidogo."

"Tuna haraka, mama. Siku nyingine."

"Basi tazameni kutoka hapo hapo." Mama Sikitu akaenda kwenye chumba cha Sikitu, akavuta pazia, akainua shuka safi. Kifaa kikaonekana, kirefu, cha kijani, na juu yake paka asiye na manyoya akipiga miayo. "Ni hiki. Nawaomba mkichukue. Binti yangu anakuja kujifungulia humu. Mimi nichukueni pia, kifurushi changu kiko tayari."

Profesa Mlembe akainua macho juu. "Mabati mazuri haya," alisema. "Ni ya hapa hapa?"

"Bwana, nakuonyesha," alisema Mama Sikitu, akimrudia mlangoni.

Basi mkaguzi akasogea karibu naye, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo bendi haikuisikia. "Mama, nisikilize. Nikikiona hiki, kesho wenzako watakuja kwetu na wao wataviona vya kwetu. Vya kwetu navyo viko kwa wazazi. Mama yangu mzazi analala juu ya kimoja."

Mama Sikitu akamshika mkono wa koti. Alifurahi, masikini, alidhani wameelewana. "Kumbe ndiyo vizuri, baba. Uone hiki, na wao waone cha mama yako. Viondoke vyote."

"Hayo ni mambo ya juu, mama," alisema Profesa Mlembe. Akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu, asije akamwumiza.

Akageukia ujumbe. Alikuwa mtu wa kazi. "Hapa hapakujibiwa," alisema.

"Ni kweli kabisa," alisema Mheshimiwa Nyampala. "Kimya kitupu."

Bendi ikapiga. Mama Sikitu akabaki mlangoni, mlango wazi, akiwatazama wanavyokwenda kula.

*

Alisubiri wamkamate. Hawakuja. Wangemkamata kwa kosa gani? Hakuna aliyejibu. Zaidi ya hapo, wakaguzi wa kimataifa walikuwa wamethibitisha kwamba nyumba ile haina mtu, na serikali inayoheshimu mikataba haiwezi kupingana na wakaguzi. Simu ya Mama Sikitu ikakatwa, kwani nyumba isiyo na mtu simu ya nini. Kisha Kapteni Magoma akarudi na askari wake. Safari hii hakupiga hodi. Wakaingiza wageni wengine watatu, mmoja sebuleni, wawili jikoni.

"Kapteni, mimi nipo," alisema Mama Sikitu.

Kapteni akawaambia askari wake waangalie wasikwaruze ukuta.

"Basi niache nitoke. Nikakae hata barabarani."

Hapo Kapteni akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kazi. "Mama, asiyekuwepo anatokaje? Watu wakikuona unatoka, watajua ulikuwemo." Akaonyesha ng'ambo ya barabara, ambapo kijana mwenye buti za jeshi alikuwa amewekwa achome mahindi. "Yule ana amri. Aliyemo ndani ya nyumba hii yumo ndani ya siri, hatoki mpaka amani itakapoimarika. Atakayekaribishwa humu naye atakuwemo."

Chakula kilikuja kupitia dirisha la nyuma. Mama Sikitu akakaa na wageni wake wanne, na paka.

Kule hotelini Mheshimiwa Nyampala na mwenzake wa Upande Ule walivishwa nishani moja kila mmoja, kwa kuwa ukaguzi wote, ng'ambo zote mbili, haukuona kifaa hata kimoja. Walikumbatiana mpaka nishani zikanasana. Ilibidi aletwe fundi.

*

Sikitu alifika mchana wa jua kali.

Mama yake alimwona kwa ufa wa dirisha tangu mwanzo wa mtaa. Alitembea kwa kuyumba, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mfuko wa nguo za mtoto. Alikuwa amenenepa uso. Alikuwa mzuri. Ni kweli, tumbo lilikuwa kubwa la kuchekesha.

Mchoma mahindi akaacha kupepea moto.

"Hodi," aliita Sikitu.

Mama Sikitu akasimama katikati ya sebule, kati ya kifaa na ukuta. Neno lilikuwa limeshapanda mpaka mdomoni. Lilikuwa neno la maisha yake yote. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hodi, mama. Ni mimi."

Akilisema tu, mtoto ataingia. Akiingia, hatatoka, na mjukuu atazaliwa hapa, kwenye joto hili. Mama Sikitu akauma kiganja mpaka akaonja damu.

Kisha Sikitu akasogeza uso kwenye mbao za mlango, karibu kabisa, mpaka mama yake akasikia anavyohema.

"Hodi, mama."

Akangoja, kama alivyofundishwa. Na aliyemfundisha alikuwa upande wa pili wa mlango. Halafu akamwambia yule mchoma mahindi, "Nadhani hayupo," na mchoma mahindi akasema, "Hapo hapana mtu, dada."

Akapumzika kidogo barazani, akafunga khanga yake vizuri, akainuka kwa kushika ukuta. Mama Sikitu alimfuata kwa ufa wa dirisha, hatua kwa hatua, mpaka akapinda kwenye bomba la maji, mpaka hata mfuko wa nguo za mtoto haukuonekana tena.

Alingoja zaidi ya hapo. Alipokuwa na hakika kwamba binti yake hawezi tena kusikia, akaitoa mikono mdomoni.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Paka akainua kichwa, akaona hakuna aliyeingia, akalala tena.